Mkaguzi wa Dawa Afika Msambweni

Mwaka ule wa kwanza wa uhuru serikali ilikuwa mpya, na watu wengi walikuwa hawajaijua sura yake. Jambo hilo lilimfurahisha mno Bwana Kavumbi. Alikuwa ametimuliwa jikoni katika hoteli moja ya Diani, akaondoka na koti jeupe la mpishi. Alipopita nalo Kinondo, muuza duka mmoja alimdhania mtu wa serikali, akamwamkia kwa hofu, akaficha kwinini yake. Palepale Kavumbi akajipandisha cheo: Mkaguzi wa Dawa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Dawa isiyo na ruhusa ni sumu. Sumu huchukuliwa na serikali. Kisha serikali huiuza Mackinnon Road kwa madereva wa malori. Raia wema walimshukuru, wengine hata wakambebea mkoba wa dawa hizo.

Ndipo akapiga hodi Msambweni kwa Mbodze, mjane aliyelisha wanawe kwa rafu moja ya chupa za dawa.

"Shikamoo, serikali," alisema Mbodze.

"Marahaba. Chupa hizi zote ni sumu, nazichukua. Kuanzia sasa usiuze hata tone bila ruhusa."

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni.

"Sumu, bwana? Mbele za watu hawa? Si nitaitwa mchawi!"

Akateremsha chupa moja, akamimina kikombe, akaonja kwa ncha ya ulimi, akampa mgeni kwa mikono miwili. Huku kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza. Akishaonja, mgeni anayekataa amemtukana mbele ya kaumu. Kavumbi, mzaliwa wa Kwale, hilo alilijua tangu utotoni. Akanywa kikombe chote, kama inavyompasa mtu mwenye cheo.

Ilikuwa haluli, dawa ya kuharisha, ya kumtosha ng'ombe.

Akaanza kueleza sheria, lakini hakuimaliza. Akaweka mkoba chini taratibu, akauliza choo kiko wapi. Hakungoja kuonyeshwa vizuri.

Alasiri nzima ikapita. Mbodze akasogea kwenye ukuta wa makuti wa choo.

"Pole, bwana. Dawa ya kufunga tumbo ninayo."

"Lete, mama! Lete upesi!"

"Lo! Nitaitoaje bila ruhusa? Mimi naiogopa sheria."

"Nakupa ruhusa!"

"Ya mdomo tu, bwana, na mwenyewe uko chooni?"

Kisha, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani:

"Mama, mimi si serikali! Mimi ni mpishi!"

Majirani wakacheka hadi wakakaa chini. Mbodze hakucheka.

"Alaa! Kumbe ruhusa yenyewe huna. Basi hiyo dawa tubadilishane kwa mkoba. Na koti."

Kavumbi alirudi kwao kwa miguu, akipumzika vichakani mara kwa mara.

Wenye dawa walirudishiwa zilizosalia mkobani, kila mmoja baada ya kulipa ada ndogo ya ukaguzi. Kinondo walimsifu sana mkaguzi mpya mwenye koti jeupe. Walisema hii ndiyo faida ya uhuru, hata wanawake sasa wanaajiriwa serikalini.