Skonzi za Dengu na Barua Isiyo na Saini

Jumatatu, 3 Machi
Bosi karudi kutoka kwa daktari. Marufuku nyama! Mchana kutwa kakaa masijala akitazama feni. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake, chini ya kikombe cha chai. Haina saini. Majaribio yangu yanakwisha Ijumaa. Sikuthubutu hata kukohoa. Akasema, kama anayeota, kwamba angepata skonzi moja tu iliyojaa nyama ya kusaga, rojo likimchuruzika hadi kiwikoni, angesaini chochote. Chochote! Nikapata wazo. Dengu. Daktari hatalalamika, Bosi atafurahi, kalamu itateleza yenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Dengu, kitunguu, nyanya, siki, sukari kidogo. Zikawa uji. Shangazi, ninayeishi kwake, akaniambia nikazibandikie matangazo ukutani. Nikainjika sufuria ya pili. Mvuke ukapanda polepole, ukatanda dirishani, nami nikajiona ndani yake: kiti cha kuzunguka, mlango wangu mwenyewe, watu wakibisha hodi kwa adabu. Harufu ikanizindua. Zimeungua! Nikaonja za chini. Zimekauka, zimeshika rangi, zinatafunika. Nyama tupu! Shangazi akasema haya mwanangu, leo uzembe wako umetufaa.

Jumatano, 5 Machi
Njia nzima nilikariri: Mzee, hizi ni dengu. Maneno manne tu. Bosi akaing'ata skonzi, akafumba macho. Feni ikazunguka. Kisha akaweka kidole mdomoni. Siri yetu, kijana wangu, mke wangu asijue. Ni bucha gani hili? Kijana wangu! Yale maneno manne nikayaacha. Nikasema bucha la nyuma ya posta. Nyuma ya posta hakuna bucha. Kuna fundi wa matairi.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi kaenda kulitafuta bucha. Karudi na grisi kwenye suruali. Nikamwambia hufunguliwa alfajiri tu. Akaniamini! Saa sita akaingia mkewe, shati la jana mkononi, doa la rojo kifuani. Nani huyo anayemlisha mume wake nyama? Bosi akaisoma dari. Nikautoa ukweli wote: Mama, ni dengu. Bosi akanikonyeza; kumbe anaona nimedanganya vizuri. Mkewe akatafuna kipande cha skonzi kilichobaki mezani, akauliza kama namwona mtoto mdogo. Kapika miaka thelathini, nyama anaijua. Kesho nizipike mbele yake, nikishindwa nifungashe virago. Bosi akaacha kukonyeza.

Ijumaa, 7 Machi
Chumba cha chai. Mkewe kasimama kando ya jiko, mikono kiunoni. Kwa hofu nilikoroga bila kupumua. Uji! Akasema si nilijua. Nikaomba mara moja zaidi. Dirishani wingu lilikuwa likipita juu ya paa, taratibu, kama faili lisilo na haraka ya kufika. Nikalifuata kwa macho. Nikasahau jiko, barua, hata jina langu. Zikaungua barabara! Mkewe akaonja, akanikumbatia, akaniita mwanangu. Bosi akaonja. Uso ukamshuka kama pazia. Akauliza kwa sauti ndogo, yaani siku zote hizo, dengu? Akachukua barua, akaandika pembeni: miezi mitatu zaidi ya majaribio, karani hasemi kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Leo nusu siku. Bosi alinivuta nyuma ya kabati la mafaili. Akanong'ona kwamba Jumatatu nilete nyama, nyama ya kweli, nimwambie mkewe ni dengu, naye ataitazama upya ile barua. Nikajibu ndiyo Mzee, bila shaka Mzee. Lakini daktari je? Na Mama, aliyenikumbatia? Nimewaza njiani hadi nikapitiliza nyumbani mitaa miwili. Nimepata! Uyoga. Ukikatwakatwa na kukaushwa vizuri, nani atajua? Bosi nitamwambia nyama, mkewe nitamwambia dengu. Safari hii sioni hata pa kuteleza.