Kamanda wa Mtaa Wetu

Jumatatu, 4 Machi
Jana ghasia zilifika sokoni. Maduka yamevunjwa, moto umewashwa, polisi hawaonekani. Wanaume wa mtaa tumekutana kuunda kikosi cha kujitolea. Nikasafisha koo, tayari kukubali ukamanda. Wakamchagua muuza nyama! Eti ana visu. Nikauliza, kwani mimi fundi cherehani sina mkasi? Wakacheka, wakidhani natania. Nimeachiwa kushona sare. Sawa. Mwenye uzi ndiye mwenye jeshi.

Jumanne, 5 Machi
Kitambaa cha kaki, mifuko minne, mabegani kamba za dhahabu. Kamba nimezitoa kwenye pazia la mama mkwe. Ameliangalia dirisha lililobaki uchi, akauliza kama wavamizi wameshafika.

Mke wangu, mkunga, amerudi kazini hoi. Kasema sare hazizuii mawe. Hajui vita.

Halafu wazo! Suruali ya muuza nyama nimeipiga bandi tu makalioni, mshono wa muda, hauvumilii hata kuinama. Alhamisi kuna gwaride. Akiinama kufunga kamba za viatu, mtaa utamwona kamanda wake kwa ukamilifu. Nimelala kama pono.

Jumatano, 6 Machi
Tumeziba njia kwa mapipa, meza mbovu na kochi la mama mkwe. (Anadhani limekwenda kwa fundi.) Muuza nyama amesifiwa kwa kubeba pipa peke yake. Mimi nilisimamia. Kusimamia ndiko kunachosha.

Mke wangu amezipiga pasi sare zote. Jioni nimejitazama kiooni mpaka chai ikapoa. Mwanamume wa haja!

Alhamisi, 7 Machi
Gwaride halikufanyika. Wamekuja!

Tulikuwa nje ya kizuizi, tunajipanga. Ghafla vijana wengi, mawe mikononi, moshi nyuma yao. Muuza nyama akaamuru turudi ndani tujipange upya. Wenzangu wakajipanga upya mbio. Nami nikainama nipite chini ya meza. Prrr! Upepo.

Mke wangu alichanganya suruali! Mimi na muuza nyama tuna kiuno kimoja, ingawa chake ni cha nyama na changu ni cha heshima.

Nigeuke, adui aone? Niparamie kochi, mtaa mzima uone, mama mkwe akiwa dirishani? Thubutu! Nikabana mgongo kwenye kochi, nikawakabili kifua mbele. Jiwe likapita karibu na sikio. Miguu haikutoka.

Ndipo mke wangu akapanda juu ya kochi, akasimama kando yangu, akamnyooshea kidole kijana mrefu wa mbele.

“Wewe! Nilikupokea kwa mikono hii, ulikuja miguu kwanza, mama yako nusura afe. Leo umenishikia jiwe?”

Jiwe likashuka. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Na wewe, pacha, mwenzio yuko wapi?”

Pacha akaanza kulia. Mwenzake amelala barabarani, mguu umepasuka, kila mtu anamruka. Mke wangu akaagiza mkoba wake, akaondoka na pacha. Waliobaki wakatazamana, wakaangusha mawe, wakamfuata kama vifaranga.

Mimi nilibaki kulinda kochi.

Ijumaa, 8 Machi
Mguu wa pacha umeshonwa, atatembea. Maduka yetu yote mazima. Mtaani sifa ni zangu: hakurudi nyuma hata hatua! Muuza nyama kaja kunipa mkono, kaona haya kwa kukimbia. Nimemsamehe. Kasema sare yake imara ajabu, haijawahi kumkaa nguo namna ile. Nikakohoa.

Mke wangu ameishona suruali yangu mwenyewe. Alitabasamu tu, kwa muda mrefu mno.

Jumamosi, 9 Machi
Mkutano. Muuza nyama amejiuzulu. Nikasimama kabla sijaitwa. Wakamchagua mke wangu! Kwa kauli moja, na mama mkwe akapiga vigelegele. Amri yake ya kwanza: kizuizi kiondolewe, kikosi kibebe majeruhi. Mimi nimepewa machela, upande wa miguu.

Nimepiga makofi hadi viganja vikauma. Kamanda ametoka nyumbani kwangu! Nani mwingine mtaani anaweza kusema hivyo? Ukamanda sasa umebakiza kuvuka kutoka upande mmoja wa kitanda kuja wa pili.

Kesho yuko zamu kutwa. Nitaitisha uchaguzi.