Yahusu: Binti Yangu Afukuzwe Kazi, Moshi Urudishwe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utafiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watafiti wako wote, na magari yenu yakiendelea kutotoa moshi. Mimi ni fundi wa mabomba ya moshi, yaani ekzosi, na hapa mtaani wananiita Mzee Moshi. Wewe hunijui, lakini binti yangu unamjua. Ni yule mhandisi wa betri katika idara yako, mrefu, anayecheka kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa ofisini. Nyumbani tunamwita Spana, kwa sababu utotoni alikuwa halali mpaka apewe spana ya kukumbatia.

Nasikia umempa barua ya kujieleza kwa nini gari la majaribio alilokuja nalo likizo limerudi kwenu likiwa na ekzosi. Nasikia pia kwamba amejibu kwa kifupi tu, eti ni "marekebisho ya nyumbani", na kwamba wiki ijayo mtakaa kikao kuamua kama anabaki au anaondoka. Kwa kuwa mwenye nyumba ni mimi, naomba nijieleze mimi, kisha nilalamike, kisha niombe afukuzwe.

1. Matumizi. Msemaji wenu alijisifu redioni kwamba mnatumia fedha nyingi sana kutafuta namna ya kuondoa moshi. Mheshimiwa, moshi ndicho kitu pekee ambacho gari limekuwa likitupa bure. Mafuta tunanunua, tairi tunanunua, siku hizi hata upepo wa tairi tunalipia. Nyinyi mnalipa ili kuondoa cha bure! Mke wangu akifanya hivyo na fedha za nyumbani, tutaitisha wazazi wa pande zote mbili.

2. Lugha. Moshi unasema. Ukiwa mweusi, gari linakunywa mafuta kupita kiasi. Ukiwa wa bluu, linaunguza oili. Ukiwa mweupe na haukomi, maji yamepata njia ya kuingia kwenye silinda. Mteja anaweza kunidanganya, moshi wake hauwezi. Gari lenu likiumwa linaandika kwenye kioo kidogo, kwa herufi ndogo, nami nalazimika kumwita jirani mwenye miwani.

3. Ukimya. Zamani mama mkwe wangu alikuwa akiletwa na gari la shemeji, ambalo ukilisikia kwenye kona bado una nafasi ya kuvaa shati, kuzima redio na kukaa kama mtu mwenye mipango. Safari hii Spana alimpitia bibi yake njiani kwa gari lenu. Hatukusikia kitu. Mama mkwe alinikuta nimelala kwenye kochi na bukta yenye tundu, miguu juu ya mto alioushona kwa mikono yake. Akanisalimia yeye kwanza, Mheshimiwa. Yeye kwanza! Watafiti wako walilifikiria hilo?

4. Ekzosi yenyewe. Asubuhi iliyofuata, Spana akiwa bado amelala, nikaona nimfanyie mwanangu wema, nimkagulie gari kabla hajasafiri. Nikainama nyuma kutafuta ekzosi. Hakuna. Najua utasema gari ni la umeme, na kwamba nilijua. Nilijua halitoi moshi. Hakuna aliyeniambia kwamba halina pa kuutolea. Mtu akiacha sigara hakatwi mdomo.

Basi nikajua tumeibiwa, tena na wezi mafundi, maana hawakuacha hata tundu la boliti. Fikiria aibu hiyo: gari la ofisi ya watu linaibiwa ekzosi ndani ya ua wa fundi wa ekzosi. Sikumwambia mtu. Nikafunga geti, nikachukua bomba langu zuri kuliko yote, lile nililokuwa nikimwekea mteja wa maana, nikalikunja, nikalisugua likang'aa, nikajilaza chini ya gari na kulifunga kwa klampu na raba za kulining'iniza. Sikuchomelea mahali popote, maana nilichelea kumwamsha mtoto.

Spana alipoamka alilizunguka gari, akaliangalia bomba, kisha akaniangalia mimi nilivyosimama na kitambaa mkononi. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Halafu akalishika bomba. Nikamwambia kama halifai nitalitoa. Akasema, "Liache, baba. Limekaa vizuri." Akaondoka nalo hivyo hivyo.

5. Kikohozi changu. Mteja mgeni akiuliza gereji yangu iko wapi, huambiwa afuate kikohozi. Ndicho cheti changu cha kazi. Daktari ana maoni yake, lakini daktari hajafungua silensa hata siku moja. Moshi ukiisha mjini, mimi nitatambulikaje?

6. Binti. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Gereji hii nilimjengea yeye. Benchi la kazi nililiweka juu kidogo, kwa kimo chake, na mpaka leo mgongo unaniuma kwa kulifanyia kazi. Nyinyi mmemvalisha koti jeupe, mkampa betri, sasa nyumbani anakuja kama mgeni.

Kwa sababu hizo naomba mambo mawili. Kwanza, kikao kimfukuze kazi bila huruma, kwa kosa la ekzosi, ili arudi kwenye benchi lake. Pili, fedha mtakazookoa zitumike kutafiti namna ya kulifanya gari la umeme litoe moshi kidogo, hata kama ni siku za sikukuu tu. Niko tayari kuwa mshauri wenu, na bomba la kuanzia tayari mnalo.

Wasalimie wahandisi, wahasibu, walinzi wa getini, na huyo msemaji wa redioni, mwambie sina kinyongo naye. Mama mkwe naye anawasalimu, analisifu sana gari lenu.

Ni mimi, mwenye heshima zote na malalamiko yote,
Mzee Moshi, Fundi wa Ekzosi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimpa mama Spana asome. Alipomaliza aliniuliza kama nimewahi kumuuliza mtoto kwa nini alichagua betri. Sijawahi. Yeye alimuuliza zamani, Spana akiwa bado shuleni, akajibiwa kwamba anataka kutengeneza gari ambalo baba akilala chini yake hatakohoa.

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Nimekumbuka asubuhi ile, geti limefungwa, mimi chini ya gari lenu na bomba langu. Sikukohoa. Nilidhani ni upepo mzuri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa namba zote isipokuwa ya tatu, maana mama mkwe bado hajaondoka. Ekzosi ni yangu na kosa ni langu, mtoto hana hatia. Tafadhali msimfukuze. Fedha za utafiti ongezeni, na yeye mwambieni afanye haraka kidogo, baba yake bado anakohoa.