Mikasi Iondolewe kwa Watoto, Ibaki kwa Wageni Rasmi

Bwera, Juni 2015

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Awali ya Mwanga Mwema.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mke wangu Edisa, ambaye ameniomba nisiandike barua hii. Naandika nikiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkulima wa kahawa, na babu wa Phionah aliye katika darasa la watoto wa miaka minne. Naomba mikasi iondolewe shuleni kabisa. Sababu zangu ni hizi.

1. Mwalimu Gorret anawachezesha watoto badala ya kuwafundisha. Nilichungulia dirishani mwenyewe. Amechora kiboko kwenye boksi, akamtoboa mdomo, na watoto wanakata majani makavu ya mgomba vipande vidogo ili kiboko ale ashibe. Kila wakikata wanaimba, "Kiboko fungua mdomo, kiboko funga mdomo," na kidole gumba lazima kiwe juu. Nilimwuliza somo litaanza lini, akanijibu kwa adabu, "Mzee, somo ndiyo hii." Phionah akaja na somo hilo nyumbani. Aliikata kalenda yangu mpaka mwezi wa Agosti ukawa na ndevu. Hilo nilimsamehe, maana Agosti haijafika.

2. Siku ya kufungua darasa jipya mlinipa heshima ya kuwa mgeni rasmi. Utepe niliuchagua mwenyewe: mwekundu, wa satini, mpana, na nikaagiza ukunjwe mara mbili ili uonekane wa maana. Mkasi mkubwa ukasahauliwa. Sahani ikaletwa na mkasi wa watoto, ule wenye ncha butu. Mimi nimepogoa mibuni tangu ujana wangu, kwa mikono yote miwili, na nilidhani mkasi ni mkasi. Nikaingiza kidole gumba, kikakwama. Nikabana, utepe ukatafunwa bila kukatika. Bwana Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo aliyesimama karibu nami, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "Président, kata basi, batu beko banangojea," yaani watu wananingojea. Nikaugeuza mkasi, nikabana kwa nguvu zangu zote. Kilichokatika ni tai yangu.

Ndipo watoto wa Mwalimu Gorret, bila kutumwa na mtu, wakaanza kuniimbia wimbo wa kiboko. Nina tumbo, Mwalimu Mkuu, na wageni ambao hawakuujua mchezo ule waliuelewa wimbo kwa namna yao. Phionah akatoka mbele, akanishika mkono, akasema, "Babu, kidole kubwa iko chini. Weka juu." Nilishindwa hata kuona juu ni wapi. Basi akauchukua mkasi, akakata utepe yeye. Makofi aliyopigiwa mimi sijawahi kupigiwa, hata siku niliyochaguliwa.

3. Sasa tufikirie taifa. Mtoto wa miaka minne akijua kukata utepe, mgeni rasmi atakuwa wa nini? Watu watafungua zahanati asubuhi na mapema na kuanza kutibiwa bila hotuba. Mabomba yatatoa maji kabla sisi hatujafika. Sisi wenye makoti tutarudishwa shambani, na kwa ninavyokujua shambani, kule kuna kazi.

4. Kwa hiyo, nikitumia mamlaka yangu, siku ileile nilichukua boksi la mikasi nikalifungia kabatini mwangu. Napendekeza watoto wafundishwe kupiga makofi, kwa sababu kila sherehe inawahitaji wengi wa kazi hiyo. Mkasi apewe mtu mwenye kadi ya mwaliko tu, tena aliyevuka miaka hamsini. Nakiri kwamba tangu siku hiyo Phionah hunipigia magoti na kunisalimu kama kawaida, lakini haji tena kukaa nami barazani. Jambo hilo limeniuma kuliko kicheko cha wageni wote. Hata hivyo, msimamo wangu haujabadilika.

Nisalimie walimu wote, mama anayepika uji, mlinzi wa lango, na wazazi wa Karambi waliokuja kwa miguu wakaniona. Mwalimu Gorret naye nisalimie, ila kwa ufupi.

Wako katika kulijenga taifa,

Mzee Syahuka,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Wiki ijayo nimealikwa Kahendero kufungua banda la samaki, na utepe upo. Jana jioni nilitoa mkasi mmoja kabatini, nikajificha nyuma ya jikoni nijaribu. Phionah akanikuta. Alikwenda akaleta majani ya mgomba, akakaa kando yangu, akakishika kidole changu akakigeuza. Tulikata mpaka Edisa akatuita kula, na nilifurahi, sitaficha. Boksi linakuja pamoja na barua hii, lina upungufu wa mkasi mmoja ambao bado tunautumia. Naomba Mwalimu Gorret aniruhusu kuingia darasani Jumatatu, hata kama ni kwenye mkeka. Phionah amesema nikae karibu naye, maana kukata kona bado sijui.