Majogoo wa Sampuli

Ugonjwa wa Ndolo maishani mwake ulikuwa neno moja tu: mfadhili. Akilisikia, mate yalimjaa mdomoni. Siku hiyo alilisikia kwenye redio ya hoteli moja ya Kibwezi, paja la kuku mkononi. Mtangazaji alisema wafadhili kutoka ng'ambo wametoa mamilioni ili nchi ijiandae, homa ya ndege isije ikatukuta tumelala.

"Kwani imefika?" Ndolo akamuuliza mhudumu.

"Huku? Zii. Huku tuna ukame tu."

Ndolo akalamba vidole. Jamani! Ugonjwa haujafika, pesa zimeshafika. Mtu akiacha nafasi kama hiyo impite, anastahili kufa maskini.

Kufikia Jumamosi jioni alikuwa na ovaroli nyeupe ya fundi rangi, ya mitumba, na mnunuzi. Mnunuzi ni Hamud, msafirishaji wa Kambu. Alitaka majogoo mia wa kienyeji, na lori lake lingeondoka Jumanne asubuhi, Ndolo awepo asiwepo.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Ndolo akasimama mbele ya kanisa moja la Mukuyuni, ovaroli imemkaa, jasho linamtiririka.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi ni Daktari Ndolo wa mradi wa homa ya ndege. Ndugu zangu, ugonjwa umefika Kibwezi. Jana nimeshika kuku wagonjwa kwa mikono yangu hii. Wanaanguka tu, pu! pu!"

Waumini wakaguna. Habari ya mikono hata haikuwa ya lazima, lakini tapeli akinogewa hawezi kujizuia. Wahenga walishasema mdomo uliponza kichwa, ila Ndolo hakuwa mtu wa kusikiliza wahenga.

Akaeleza mpango. Kila boma lilete jogoo mmoja, yule bora kabisa, apelekwe maabara kama sampuli. Mwezi ujao mfadhili angerudisha kuku watatu wa kisasa na gunia la chakula.

Kiema, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, akamkumbatia hapo hapo. "Daktari, mimi nina maboma sita."

"Sita?"

"La mke, la mama, la ng'ombe, la mbuzi, choo, na moja ambalo sijajenga."

"Andika," Ndolo akasema. Moyo wa mwenzake aliusoma vizuri, maana ulifanana na wake.

Jumatatu mchana majogoo mia na wawili walikuwa wamefungwa miguu nyuma ya pikapu ya kukodi pale sokoni. Wa mwisho aliletwa na Kanyiva, mjane, shavu limevimba. Jogoo huyo ndiye angelipia kung'olewa kwa jino lililomtesa tangu Pasaka.

"Nitavumilia mwezi mmoja zaidi," Kanyiva akasema, akimkabidhi.

Hapo ndipo Kalondu alipokasirika. Kalondu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Miaka miwili iliyopita mradi wa kweli ulimpeleka semina ya siku tatu mjini Wote, ukampa cheti na sanduku lenye ovaroli, miwani, kipimajoto na daftari la fomu. Tangu hapo hakuna ugonjwa uliojitokeza. Kila mwezi alilifungua sanduku, akalitazama, akalifunga. Sasa alikuwa amemwona daktari huyu akila andazi kwa glovu zile zile alizoshikia kuku, na akajua huyu hakupita semina yoyote.

Akapiga simu ofisi ya mifugo. Kibwezi hakukuwa na ugonjwa, wala daktari wa jina hilo hawakumjua. Akapiga kituo cha polisi.

"Mama, kuku wamempa wenyewe," afande akamwambia. "Bila ushahidi wa maana, kesho atakuwa nje. Tafuta ushahidi, mimi nakuja."

Kalondu akafikiri kidogo. Kisha akafungua sanduku.

Alipotokea sokoni, ovaroli mpaka kidevuni na miwani usoni, hata majogoo walinyamaza.

"Daktari, ulisema Jumamosi ulishika kuku wagonjwa?"

Wanawake wote walikuwa wanamtazama. Ndolo angesemaje? "Nilisema."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, mama. Mimi siogopi."

"Basi hutoki hapa. Mafunzo yanasema aliyegusa ndege mgonjwa atengwe siku kumi na nne. Majogoo nao wakatengwe, kila mmoja kwao. Haya, nani mwingine alimgusa huyu?"

Macho yote yakamgeukia Kiema.

"Mimi nilimsalimia tu!"

"Ulimkumbatia mara sita," Kanyiva akasema, ameshika shavu. "Kila boma na kumbatio lake."

Wakafungiwa wawili hao ndani ya stoo ya kikundi, yenye mlango wa bati na kidirisha kimoja. Nje, kamba zilifunguliwa na kila mama akaondoka na jogoo wake kwapani. Simu ya Ndolo ikalia.

"Kuku wangu wako wapi?" Ilikuwa sauti ya Hamud.

"Hamud, ndugu yangu, nitoe huku. Niko karantini. Ni ile homa ya ndege."

"Homa ya ndege? Wallahi, usiniletee hata unyoya!" Simu ikakatwa.

Ndani ya stoo Kiema alikuwa amekalia gunia karibu na mlango. "Daktari, wale kuku watatu, mara sita, ni kumi na wanane. Si ndiyo?"

Ndolo akaangalia mikono ya Kiema. Ilikuwa mikono ya mtu aliyechimba visima ujana wake. Akasogea kidirishani, akamnong'oneza Kalondu aliyesimama nje.

"Mathe, nisikize. Hakuna ugonjwa. Sijashika kuku yeyote."

"Wote husema hivyo." Kalondu akafungua daftari. "Lakini ukithibitisha, unatoka leo. Fomu inataka siku kumi na nne. Ulikuwa wapi, na nani, namba ya simu. Jumamosi?"

"Emali. Nilimuuzia mama fulani sola."

"Inawaka?"

"Itawakaje? Ni kioo na karatasi nyeusi. Pole pole basi, huyu mzee atasikia!"

"Ijumaa?"

"Mtito. Niliandikisha vijana kazi ya reli. Walilipa ada."

"Alhamisi?"

"Kitui. Nilikuwa mchungaji."

"Mchungaji?"

"Wa siku moja tu, mathe."

Kalondu aliandika bila kuinua kichwa. Alikuwa anafurahi, aone aibu ya nini? Miaka miwili fomu zile zilikuwa zinamngoja. "Na namba zao za simu?"

"Ninazo zote. Nimewablock."

Siku kumi na nne zikajaa, mstari kwa mstari. Ndolo akatia sahihi kwa jina lake halisi na namba ya kitambulisho, akapumua. Kalondu akaichomoa fomu daftarini, akampa afande, aliyekuwa ameegemea ukuta wa stoo muda wote huo akitafuna muwa.

"Siku kumi na nne, kesi kumi na moja, na mashahidi wako hapo na namba zao," Kalondu akasema. "Inatosha?"

"Inatosha hata kunipandisha cheo, mama."

Lakini Kiema naye alikuwa na masikio. "Kumbe hakuna kuku kumi na wanane?" akauliza taratibu, akivua kiatu.

Mlango ulipofunguliwa Ndolo alitoka mbio, akawapita wanawake, akampita afande, akajitupa ndani ya gari la polisi na kuufunga mlango mwenyewe. "Afande, twende!" alilia. "Twende, nakuomba!"

Watu walicheka mpaka Kanyiva akasahau jino. Kiema akatoka akichechemea na kiatu kimoja, akijipangusa.

"Mwenyekiti, unaenda wapi?" Kalondu akamuuliza. "Wewe bado hujajaza fomu. Siku kumi na nne, ulikuwa wapi na nani."

Kiema akafungua mdomo. Akamwona mkewe akipenya katikati ya watu, amenyoosha mkono.

"Kalondu," mkewe akasema, "hiyo kalamu nipe mimi."

Kiema akarudi ndani ya stoo, akajifungia.