Vua Viatu Kabla ya Kuingia Intaneti

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye simu na wasio na simu, wakazi na wanaopita tu kwenda Misigiri, kwamba kata ya Kinyamwiru imekuwa kata ya kwanza kurudisha adabu kwenye intaneti. Adabu hiyo ilipotelea wapi hakuna ajuaye. Kinachojulikana ni mahali ilipopatikana: nyuma ya kabati la masjala, chini ya magunia mawili ya mbegu za alizeti zilizopitwa na wakati, ikiwa imeandikwa kwenye ubao wa plastiki uliogugunwa na panya kwenye kona moja.

Aliyeipata ni Chediel Mkumbo, Kaimu Mtendaji wa Kata. Neno "Kaimu" hapo si pambo. Chediel aliletwa akaimu kwa wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Watu walimwita Mzee Kaimu, mkewe wakamwita Mama Kaimu, na kuna mtoto huko bondeni alibatizwa Kaimu kwa heshima yake, wazazi wakidhani ni jina la kwenye Biblia. Chediel aliitika bila kinyongo, lakini moyoni iliuma. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, nacho ni kuthibitishwa. Kila alipoona gari la halmashauri linatimua vumbi kuja kwake, alinyoosha kola ya shati kwanza ndipo akatoka nje.

Basi ule ubao ulipomwangukia mguuni, hakuona plastiki. Aliona barua ya uthibitisho. Juu yake paliandikwa: "Kanuni Kumi na Mbili za Usalama na Adabu ya Intaneti, 2003." Mwaka huo wafadhili walikuwa wameipa kata chumba chenye kompyuta nne, na watu waliingia kwa zamu, wamenyoa na wamevaa vizuri, kama wanaoenda kupiga picha. Kompyuta zilishakufa zamani, na chumba sasa ni ghala. Kanuni hazikufutwa na mtu yeyote. Chediel aliuliza masjala kama kuna waraka wowote unaozifuta, akaambiwa hakuna.

"Kwa hiyo bado zinatumika," alisema.

Evodia, mtunza masjala, alikohoa kidogo. Evodia alikuwa na stashahada ya serikali za mitaa na aliwekwa masjala kwa muda tu, na huo muda nao ulikuwa na miaka yake minne. Alisema kwa upole kwamba kanuni zile huenda ziliandikwa kwa ajili ya kile chumba. Chediel alimweleza kwamba serikali haiandiki kanuni kwa ajili ya chumba. Inaandika kwa ajili ya wananchi, na wananchi wapo.

Kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Iliitwa KUAMKA, yaani Kamati ya Usalama na Adabu za Mtandao, Kata. Ile A ya mwisho iliongezwa ili jina litamkike. Mwenyekiti alikuwa Chediel, katibu Evodia, na mjumbe akawa Mzee Kefa, mwalimu mstaafu, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hajawahi kutumia intaneti hata siku moja, hivyo hakuwa na mgongano wa maslahi.

Kanuni ya kwanza ilisema: "Vua viatu kabla ya kuingia intaneti." Utekelezaji wake haukuwa na shida, maana wananchi wa Kinyamwiru ni wasikivu. Ndani ya wiki moja ukipita senta ungekuta watu wazima wamesimama peku kwenye mchanga wa moto, viatu vimepangwa kando, wakisoma ujumbe wa kwenye grupu la kata huku wakibadilisha miguu. Kanuni ya pili ilikuwa na uzito zaidi: "Kila mtu dakika thelathini, wengine wanasubiri." Chediel aliagiza benchi na daftari la foleni. Mtu alikuja na simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, akajiandikisha, akakaa kwenye benchi hadi mwenzake atoke intaneti.

Nasri, dereva wa bodaboda wa ruti ya Ulemo, alihoji.

"Mzee, intaneti si iko mfukoni mwangu hapa?"

"Mfukoni mwako iko simu," alijibu Chediel. "Intaneti ni ya umma."

Nasri alikaa kwenye benchi. Siku hiyo alipoteza abiria watatu, ila adabu yake iliongezeka.

Ikaja kanuni ya kelele. Ubao ulisema wazi kwamba kuandika kwa herufi kubwa ni kupiga kelele. Mtuhumiwa wa kwanza akawa Bi Mwantum, mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliyeandika kwenye grupu: "LEO MAFUTA YAPO, NJOONI NA MADUMU." Aliitwa mbele ya kamati. Alijitetea kwamba macho yake hayaoni herufi ndogo. Mzee Kefa alimuuliza kama baada ya kuandika vile koo lilikauka. Bi Mwantum alisema koo lake ni zima. Kamati ikaona hilo ni jambo la kuongeza uzito wa kosa, kwani inaonyesha mtuhumiwa ana mazoea ya kelele, ikampa adhabu ya kimya cha siku saba. Wiki hiyo hakuna aliyejua kama mafuta yapo au hayapo. Kata nzima ilikula mboga za kuchemsha, kwa utulivu.

Yote haya yangekwenda vizuri kama isingekuwa kanuni ya nne: "Usitaje jina lako halisi, umri wako, wala unapoishi." Chediel aliisoma mara mbili na kuona hekima yake. Akaagiza kila mwanagrupu achague jina la kificho na abadilishe picha. Usiku mmoja tu grupu zima likageuka: akina Amosi na Lea na Peniel wakapotea, wakatokea Nyota Njema, Jembe Butu, Dirisha la Mashariki na wengine wa aina hiyo. Usalama ulikuwa kamili. Hakuna mtu aliyejua anaongea na nani.

Ila asubuhi yake grupu lilikuwa kimya. Ilipofika saa nne bado kimya. Chediel aligundua tatizo baada ya kikombe cha pili cha chai: watu hawawezi kuanza mazungumzo bila kusalimiana, na hawawezi kusalimiana bila kujua nani mkubwa. Huwezi kumpa shikamoo mtu unayeweza kumzaa, wala huwezi kumwambia "mambo" mtu ambaye huenda ni shemasi wako. Watu mia mbili na zaidi walikuwa wameshika simu, peku, kila mmoja anamsubiri mwenzake aonyeshe umri.

KUAMKA ilikaa kikao cha dharura na kutoa Waraka Namba Tatu. Ulisema kwamba kwa kuwa umri ni siri, kila mmoja atampa kila mmoja shikamoo, na kila atakayeamkiwa ataitika marahaba bila kuhoji. Chediel aliuona waraka huo kuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alitengeneza nakala mbili za ziada kwa ajili ya maofisa wa wilaya watakaokuja siku moja kumthibitisha.

Siku ya tatu Mzee Amosi aliingia ofisini bila kubisha hodi. Amosi ana ng'ombe wengi na maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalimtoka kwa shida. Alieleza kwamba alimwamkia mtu anayeitwa Dirisha la Mashariki. Mtu huyo akaitika, "Marahaba mwanangu, umekula?" Dakika hiyo hiyo akasikia simu inalia jikoni kwake. Alipotupa jicho, Dirisha la Mashariki alikuwa Selina, mke wa mwanawe, amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nimempa shikamoo mkwe wangu," alisema Mzee Amosi. "Nataka shikamoo yangu irudi."

Selina aliitwa. Alipiga goti, akamwamkia kila mzee aliyekuwemo, kisha akasema hana hatia: waraka ulimtaka aitike bila kuhoji, akaitika. Lile la kuuliza kama amekula aliongeza kwa moyo mwema tu. Chediel alipekua ubao hadi kidole kikafika kanuni ya tisa.

"Mzee, nasikitika," alisema. "Hapa pameandikwa: kilichoingia intaneti hakitoki tena."

Mzee Amosi aligeukia mlango. Alisema kwamba kwa umri wake ameshaona ukame, nzige na watendaji wanne, ila hajaona shikamoo inayokwama njiani. Akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga jikoni kwake, na chakula alipelekewa chini ya mti wa mkungugu kama mgeni wa kupita. Chediel aliona aibu kidogo, akaitibu kwa Waraka Namba Nne, uliosimamisha salamu zote hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Ni katika hali hiyo ya usalama, Jumanne saa nane mchana, namba isiyojulikana ilipoingia kwenye grupu la kata na kuandika:

"HABARI ZA MCHANA. MIMI NI MKURUGENZI WENU MPYA. NAFASI ZA WATENDAJI WA KATA ZINATHIBITISHWA. WENYE SIFA, HASA MNAOKAIMU, BOFYENI HAPA CHINI MJAZE JINA KAMILI, TAREHE YA KUZALIWA NA MAKAZI. MWISHO KESHO SAA KUMI JIONI. MJULISHE NA MWENZIO."

Chediel aliusoma ujumbe ule akanyoosha kola. Miaka saba ilimjia yote kwa pamoja. Kidole chake, kwa hiari yake chenyewe, kilisogea hadi karibu kabisa na pale pa kubofya. Halafu akainua macho akauona ubao ukutani. Herufi kubwa: kanuni ya tatu. Jina, umri na makazi: kanuni ya nne. Usimwamini mgeni anayejitambulisha: ya sita. Usibofye usichokijua: ya saba. Usisambaze ujumbe unaokutaka uusambaze: ya kumi. Ujumbe mmoja, makosa matano. Alimshukuru Mungu aliyekiwahi kile kidole.

"Mzee, namba hii ni ya kweli," alisema Evodia. "Iko kwenye barua ya kumtambulisha mkurugenzi, uliniambia niiweke kwenye jalada."

"Jalada hilo ni la siri," alisema Chediel. "Hatuwezi kujua hadharani tunayoyajua kwa siri."

Evodia alisema angalau wapige simu wahakikishe. Chediel alimkumbusha kwamba tapeli akipigiwa simu hupokea. Kisha akaandika kwenye grupu, kwa herufi ndogo na utulivu wa mtu aliyeshinda mtihani: "mgeni, unapiga kelele. umepewa kimya cha siku saba. ukipata adabu, karibu." Akaitoa ile namba. Mzee Kefa alipiga makofi, na Chediel aliyapokea kwa kichwa kilichoinama kidogo. Alijua maofisa wa wilaya wakisikia jinsi alivyomzima tapeli wa kiwango kile, hawatakuwa na la kufanya ila kumthibitisha.

Evodia alirudi masjala akafunga mlango.

Gari la halmashauri lilifika Alhamisi asubuhi. Alishuka mama mmoja kijana, wa miaka thelathini na kitu, mkoba begani. Akalitazama benchi lenye watu kumi na wawili, kila mmoja na simu mkononi, hakuna anayeigusa. Akavitazama viatu. Akauliza, akaelezwa. Alivua vyake bila neno, akavipanga na vya wenzake, akaingia ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," alisema Chediel, akiwa ameshanyoosha kola. Alimkaribisha kiti, akamtolea nakala za Waraka Namba Tatu, na kabla hajaulizwa akamsimulia juu ya yule tapeli wa Jumanne. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, kosa kwa kosa.

"Yule tapeli ni mimi," alisema mgeni. "Naitwa Anifa. Simu yangu ilikwama kwenye herufi kubwa tangu mwezi wa tatu. Nimewaandikia wilaya nzima hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Wewe ndiye wa kwanza, mzee. Kwa hilo nashukuru."

Chediel alihisi sakafu imekuwa ya baridi. Alisema kwamba basi, kwa kuwa mkurugenzi mwenyewe yupo, fomu anaweza kuijaza hapa hapa, mezani, kwa kalamu.

"Mfumo ulijifunga jana saa kumi."

"Si unaweza kufunguliwa?"

"Mfumo ukijifunga, hata mimi unanifungia nje." Anifa alitoa karatasi moja mkobani. "Kutoka Kinyamwiru aliomba mtu mmoja tu. Alitaja jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na makazi. Alikuwa na sifa, nimemthibitisha."

Mlango wa masjala ulikuwa wazi, na Evodia alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, anatazama chini.

"Lakini mimi nimefuata kanuni zote," alisema Chediel. Sauti ilimtoka ndogo.

"Umezifuata, mzee. Nimekutafuta kwenye mfumo mzima. Hauna jina lako, hauna umri wako, haujui unapoishi. Umejilinda kabisa."

Chediel alizikusanya nakala zake mbili. Aliuliza kama basi anaweza kuendelea kukaimu, hata kwa wiki mbili, hadi mambo yatulie.

Anifa alimwonea huruma, na ilionekana wazi kwamba huruma ile ilikuwa ya kweli. "Hata kukaimu, mzee," alisema, "mfumo unataka mtu awepo."

Alisaini kitabu cha wageni, akaaga, akatoka kutafuta viatu vyake. Mzee Kefa alikumbuka kwamba ana mbuzi wa kuhamisha, naye akaondoka. Evodia alisubiri gari liondoke hadi mlio wake ukapotea upande wa Misigiri. Ndipo akasogea mbele ya meza, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo mzee," alisema. "Naomba kiti."