Matope ya Bahari Yatanipa Kiti

Jumatano, 5 Machi 2025

Bridgit, binti wa marehemu kaka yangu, ameingia kijijini kwetu Dabani leo kutoka Mombasa, ambako anasomea matope ya bahari. Ndiyo, matope! Ameniletea ndoo moja, kama nilivyomwagiza. Mpakani askari waliifunua, wakaifunika wenyewe upesi. Harufu ya mayai viza. Anasema ni kazi ya vijidudu wasioonekana kwa macho. Wa juu hutumia hewa. Wa chini, kwenye weusi, huishi bila hewa kabisa, na baadhi yao hutoa umeme. Hapo nikamzuia. Nilikuwa nimesikia ya kutosha.

Jumamosi ya wiki ijayo tunamchagua mwenyekiti wa chungu chetu cha ajono, yaani sisi tunaokunywa pombe hiyo ya wimbi pamoja kwa mirija. Rasto amekikalia kiti hicho miaka mingi kwa sababu tu ana sauti nene. Mimi nitawasha taa kwa matope. Nani atapigia kura sauti?

Ijumaa, 7 Machi

Bridgit amerudi Mombasa. Ameniacha na maonyo: matope yasipigwe na hewa, kijiti kimoja cha makaa kikae ndani yake na kingine katika maji ya juu, tena nisitarajie mwanga wa maana. Vijana wa siku hizi hukata tamaa mapema.

Akurut, mke wangu, mama Mugeni kwa majirani, haitaki ndoo jikoni. Chumbani pia haitaki.

Jumamosi, 8 Machi

Akurut amekanda unga wa wimbi, akautia katika mfuko wa nailoni na kuufukia nyuma ya jiko, uchachuke wiki nzima kabla ya kukaangwa. Ni wa pombe ya sherehe yangu ya ushindi. Nilimwagiza mapema.

Nikiwa namtazama, akili ikanijia. Shimo halina hewa! Alipokwenda kisimani nikayafukia matope yangu kando ya unga wake, katika mfuko wa namna ileile. Sikumwambia. Ana maswali mengi.

Jumanne, 11 Machi

Rasto anazunguka akiwaahidi wanachama mirija mipya. Mirija! Sokoni alinitania mbele ya watu, akauliza kama ni kweli nafuga matope, na kama yameanza kutaga. Nikamjibu kwamba Jumamosi atajionea. Jioni nilivunja betri kuukuu, nikatoa vijiti vya makaa. Mikono imekuwa myeusi. Nimeridhika.

Jumamosi, 15 Machi

Nieleze kwa utulivu.

Asubuhi, Akurut na dada yake Ariokot walipokwenda kuokota kuni, nilifukua mfuko na kuupeleka kwa Rasto. Wanachama wote walikuwa wameketi kuzunguka chungu. Niliwaeleza habari za vijidudu kwa kirefu. Nikamimina matope katika karai, nikaweka maji, vijiti, nyaya na taa ya tochi.

Haikuwaka. Nikawaambia kwamba vijidudu wana uchovu wa safari.

Rasto akainama, akachovya kidole, akaonja.

"Mzee Wesonga," akasema, "hii si bahari. Hii ni wimbi ya mama Mugeni."

Walicheka hadi mirija ikawaponyoka. Kabla hawajatulia, Akurut akaingia na mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi.

"Baba Mugeni, mimi na Ariokot tunakaanga kitu tangu asubuhi. Hakikauki, na kinanuka kama choo. Umefukia nini kwangu?"

Rasto alichaguliwa tena kwa kunyoosha mikono. Hata mkono wangu ulihesabiwa. Nilikuwa nafukuza nzi waliofuata karai.

Mimi nimepewa birika: kazi ya kuongeza maji ya moto chunguni.

Jumapili, 16 Machi

Akurut hasemi nami. Kikaango chake hakifai tena.

Lakini nimetafakari. Matope hayakujaribiwa, kwa hiyo hayakushindwa. Tena bila maji ya moto, ajono hainyweki. Rasto ana kiti, mimi nina birika, na nadhani wanachama wameanza kuona nani anamhitaji nani.

Nimempigia simu Bridgit. Alinipa pole, akauliza kama sasa nitapumzika. Nimemwambia alete gunia zima.

Kuhifadhi si tatizo. Leo Akurut amefukia unga mpya nyuma ya jiko, maana Rasto amemwomba apike pombe ya sherehe yake. Udongo wa pale sasa ni laini kabisa. Hautachosha jembe langu.